Maana ya ndege kupoteza mnyanyuo wakati wa kupaa

Habari za ndege ndogo ya mafunzo iliyoanguka mara tu baada ya kuiacha ardhi zikisema kwamba ndege ilipoteza mnyanyuo, wasomaji wengi huelewa kwamba injini ilizima. Hayo ni mambo mawili tofauti. Ndege inaweza kupoteza mnyanyuo huku injini ikinguruma kwa nguvu zake zote, na inaweza kuzimikiwa na injini ikaelea hadi kutua salama.

Mnyanyuo ni nguvu inayoibeba ndege, nayo hutokana na hewa inayopita juu na chini ya bawa. Wavuvi wa Mikindani na Msimbati, pwani ya Mtwara, wanaijua kanuni hii kwa mikono yao: tanga likipokea upepo kwa pembe inayofaa, chombo hukata maji, lakini demani, yaani kamba ya kukazia tanga, ikivutwa kupita kiasi, upepo huvurugika nyuma ya tanga na mwendo hufifia, ingawa upepo wenyewe haujapungua. Bawa nalo ni vivyo hivyo. Rubani anapoinua pua ya ndege, pembe kati ya bawa na hewa inayolijia hukua, na mnyanyuo hukua pamoja nayo, lakini ikizidi takriban digrii 15 hewa hubanduka mgongoni mwa bawa na mnyanyuo huporomoka. Mwendo ukipungua, pua hulazimika kuinuliwa zaidi ili mnyanyuo utoshe, hivyo Cessna 172, ndege inayotumika sana kufundishia, hufikwa na hali hiyo mwendo ukishuka karibu na kilomita 90 kwa saa. Ikikata kona huku imelala digrii 45 bila kushuka, hufikwa nayo ingali na mwendo wa kama kilomita 107.

Tiba yake ni kushusha pua ili hewa ishikamane tena na bawa, na tiba hiyo hugharimu kimo. Katika mita 1,000 hilo ni zoezi la kawaida la mafunzo. Katika mita 50, juu ya mikorosho, nafasi haipo. Ndiyo maana rubani mwanafunzi ambaye injini yake imelegea baada ya kupaa hukatazwa mambo mawili ambayo hofu humsukuma kuyatenda, yaani kuvuta usukani ili apande na kukata kona arudi uwanjani, na hufundishwa kushusha pua na kutua mbele yake.

Joto huongeza ugumu. Uwanja wa Ndege wa Mtwara uko mita mia moja na ushei tu juu ya bahari, lakini mchana wa Desemba wenye nyuzijoto 32 hewa huwa nyepesi kiasi kwamba ndege hupanda kana kwamba uwanja uko kwenye mita 700 hivi. Kwa sababu hiyo naona mwanafunzi aanzie mwanzo kabisa wa njia ya kurukia, hata kama ndege yake ndogo ingeweza kupaa kutoka katikati, ili injini ikilegea mapema awe bado na lami ya kutulia mbele yake.