Ukikuta mtumbwi wa kale topeni, usiuanike

Mwaka 2001, maji ya Mto Tay kule Scotland yalipokupwa, kipande cha mti kilionekana kimechomoza kwenye tope mahali paitwapo Carpow. Kumbe ni mtumbwi. Ulichongwa kwa gogo moja la mwaloni, urefu wake unazidi mita 9, na umri wake ni kama miaka 3,000. Ulitolewa mwaka 2006, tena kwa kuviziana na mto, maana maji ya bahari hupanda hadi pale: yakipwa unachimba, yakijaa unaacha. Upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, ulikuwa umefukiwa vizuri, na ule ubao wa kuzibia nyuma ulikutwa bado umekaa pale fundi alipoupachika.

Wageni wa makumbusho hapa Arusha nikiwasimulia haya huuliza, ni mti gani huo usiooza? Siri haiko kwenye mti, iko kwenye tope. Kuvu wanaoozesha mti wanahitaji hewa, na wadudu wanaotoboa vyombo baharini nao vilevile. Tope zito halina hewa. Humo hubaki bakteria, wanaokula polepole mno. Hula selulosi, ambayo ndiyo nguvu ya mti, na kila tundu wanaloliacha hujaa maji. Baada ya karne nyingi umbo bado lipo, lakini kinacholishikilia sasa ni maji.

Seremala yeyote wa Moshi anajua ubao mbichi ukiachwa juani unavyojikunja. Mti wa kale hupata mabaya zaidi: maji yakitoka, vijitundu vyake hubonyea, mti unasinyaa na kupasuka, na haurudi tena ulivyokuwa. Kwa hiyo wataalamu huuloweka kwa muda mrefu kwenye nta inayoyeyuka majini, iitwayo polietilini glikoli, hadi nta ishike nafasi ya maji, ndipo huukausha kwa baridi kali. Mtumbwi wa Carpow leo unaonekana katika makumbusho ya mji wa Perth, hukohuko Scotland.

Utasema bahari iko mbali nasi. Ni kweli, ingawa maji ya Kikuletwa na Ruvu, yatokayo Meru na Kilimanjaro, hukutana Nyumba ya Mungu na kuendelea na Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Lakini tope lisilo na hewa lipo bara pia. Mtumbwi wa kale kuliko yote inayojulikana Afrika, ule wa Dufuna nchini Nigeria, wenye miaka 8,000 hivi, uligunduliwa mwaka 1987 na mfugaji aliyekuwa akijichimbia kisima, mbali kabisa na pwani.

Kwa hiyo wewe unayechimba mfereji wa mpunga Kahe, au kisima cha kunyweshea ng'ombe, likitokea gogo lenye dalili za kuchongwa, nakuomba sana usilivute, usilioshe, usilianike. Lirudishie tope lake, lifunike kwa magunia yaliyolowa, piga picha, weka alama, kisha kamwone mtendaji wa kijiji. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, hata kama ni kipande tu. Na sisi wa makumbusho tukichelewa kufika, tafadhali yamwagie magunia maji asubuhi na jioni.