Saa ya dhahabu si dhahabu tupu

Hapa Lamu, mtu akirithi saa ya dhahabu hukimbilia kwa sonara ipimwe uzito. Imani ni ya siku nyingi: saa ya kweli ni dhahabu tupu, na thamani yake ni gramu zake. Yote mawili si sahihi.

Dhahabu tupu, ya karati 24, ni laini mno. Ingekwaruzika na kubonyea upesi. Ndiyo maana saa nyingi za dhahabu za kifahari ni za karati 18, yaani sehemu 750 za dhahabu katika kila 1000, na hugongwa muhuri wa 750. Sehemu zinazobaki aghalabu ni fedha na shaba. Shaba ikizidi, rangi huelekea wekundu. Muhuri huo si dalili ya kuchakachuliwa, na inaniuma mtu akiiuza saa ya babu kwa hasara kwa sababu yake.

Wakusanyaji hutazama mtambo wa ndani, uso usiopakwa rangi upya, na nani aliivaa. Saa ya Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu.