Waya wa spika: kwangua kabla hujalipa

Mteja mmoja wa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, alinipigia simu baada ya kuhamia nyumba mpya. "Fundi, spika ni zilezile, amplifaya ni ileile, ila muziki umepooza. Besi sijui imekwenda wapi." Nikapanda darini na tochi. Kutoka kabati la runinga hadi kwenye spika ilikuwa mita 12, na aliyepitisha waya aliweka ule wa nusu milimita ya mraba (unene wa shaba yake), unaofaa redio ndogo ya mezani.

Piga hesabu nami. Shaba ya milimita 1 ya mraba ina ukinzani, yaani kuuzuia umeme, wa karibu omu 0.017 kwa kila mita. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita 12 ni mita 24. Kwa waya ule inakuja omu 0.8 na ushei, na spika zake ni za omu 4: karibu moja ya sita ya nguvu inaishia kwenye waya. Mimi sipendi ukinzani wa waya uzidi asilimia 5 ya ule wa spika. Kwa urefu huo na omu 4, ni waya wa milimita 2.5 za mraba. Spika zingekuwa za omu 8, wa 1.5 ungetosha.

Ila dukani namba pekee haitoshi. Waya mwingi unaong'aa kama shaba ni alumini iliyovikwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ndiyo huo. Ukinzani wake ni kama mara 1.6 ya shaba, kwa hiyo 2.5 yake inafanya kazi ya 1.5, na ukiukunjakunja unakatika upesi. Sikukatazi kuununua, lipa tu bei ya alumini. Na zile nyaya za laki kadhaa kwa mita, mimi sijawahi kusikia tofauti yao na 2.5 ya shaba ya kawaida. Hela hiyo ongezea kwenye spika.

Turudi kwenye besi, maana wembamba wa waya peke yake haumezi besi kiasi kile. Pande mbili za waya zilikuwa rangi moja, hazina alama, na spika moja ilikuwa imefungwa chanya kwenye hasi. Koni moja ikisukuma mbele, nyingine inavuta nyuma. Sauti nzito zinafutana hewani. Nilichomoa waya kwenye amplifaya, nikagusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha zake kwa kufumba na kufumbua: koni ikiruka mbele, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Nikauzungushia tepu nyekundu. Wakati wa kufunga, sokota nyuzi zote pamoja. Uzi mmoja uliochomoza ukigusa upande wa pili unaweza kuunguza amplifaya.

Unayejenga sasa hivi Nzuguni au Iyumbu, laza paipu ukutani kabla ya plasta, pana kiasi cha kuvuta waya mwingine baadaye. Mchwa wa huku hawana simile, hata kwa waya.

Mteja wangu besi ilirudi jioni ileile. Ule wa 2.5 tuliupitisha chini, nyuma ya makochi. Dari yake ya jipsamu hakutaka iguswe.