Je, wajua jinsi wapiga tar wa Azerbaijan, waliokuwa hawasomi nota, walivyogeuka kuwa okestra?

Mwongoza okestra huinua mkono, na makumi ya watu huanza kupiga kwa mpigo mmoja. Hilo huwezekana kwa sababu kila mpigaji ana karatasi mbele yake, na karatasi hiyo imekwisha kumwambia apige sauti ipi, kwa muda gani na kwa nguvu kiasi gani. Sasa wachukue wapigaji ambao hawajapata kuiona karatasi ya namna hiyo, waliojifunza kazi yao kwa kukaa karibu na fundi na kumsikiliza kwa miaka mingi, na ambao husifiwa hasa kwa sababu hawaurudii muziki uleule kwa namna ileile. Watu hao wataongozwaje na mkono wa mtu mmoja? Mjini Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, katika miaka ya 1920 na 1930, swali hilo lilikuwa zito, na miongoni mwa waliolijibu kwa vitendo yumo Said Rustamov, mpiga tar aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 1983, ambaye kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi alikuwa mwalimu na mwongoza okestra kwa pamoja.

Msomaji wa Kiswahili asiichanganye tar ya Azerbaijan na tari letu la ngozi linalopigwa katika kaswida. Tar ni ala ya nyuzi yenye shingo ndefu. Mwili wake huchongwa kwa mti wa mforosadi katika umbo linalofanana na tarakimu 8, na mdomo wake hufunikwa kwa utando mwembamba unaotokana na moyo wa ng'ombe. Ina nyuzi 11, nayo hupigwa kwa kidude kidogo kigumu kiitwacho mizrab. Katika karne ya 19 fundi mmoja, Mirza Sadig, aliiongezea nyuzi na kuipandisha kutoka magotini hadi kifuani, na ndivyo inavyoshikwa hadi leo.

Ala hiyo ndiyo nguzo ya mugham, muziki ambao UNESCO imeuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Mugham huimbwa na mtu mmoja mwenye dufu, aina ya tari, mkononi, huku akisindikizwa na tar na kamancha, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde. Kila mugham una sauti zake za msingi, mpangilio wa vituo vyake na mahali pa kurejea, lakini njia ya kutoka kituo kimoja hadi kingine huachiwa mwimbaji na wenzake waibuni papo hapo. Wapenzi wa taarab asilia ya Unguja watalitambua jina Rast, ambalo ni miongoni mwa majina makuu ya mugham na pia ni jina la maqam, yaani mpangilio wa sauti katika muziki wa Kiarabu, inayojulikana na wapiga udi na kanuni wa pwani yetu. Kushirikiana jina si kushirikiana kila sauti, lakini undugu huo wa mbali unatusaidia kuelewa kwa nini muziki wa aina hii hauingii kwa urahisi katika mistari mitano ya nota.

Jaribio la kwanza kubwa la kuukutanisha muziki huo na okestra lilifanywa na mtunzi Uzeyir Hajibeyov, aliyezaliwa mwaka 1885. Jambo ambalo watu wengi hulipita haraka ni kwamba hakusomea muziki kwanza. Alisomea ualimu wa shule katika seminari ya Gori, nchini Georgia, kati ya mwaka 1899 na 1904, na huko wanafunzi walifundishwa violini kama sehemu ya maandalizi ya kazi ya darasani. Muslim Magomayev, mtunzi na mwongoza okestra aliyezaliwa mwaka uleule, alikuwa mwanafunzi mwenzake. Kwa hiyo waanzilishi hawa wawili waliufikia muziki wa okestra kwa kupitia mlango wa ualimu, na kwa maoni yangu hapo ndipo kilipo kiini cha jibu la swali letu.

Januari 1908 opera ya Hajibeyov juu ya Leyli na Majnun ilipoonyeshwa Baku, mtunzi huyo alilikwepa tatizo kwa busara. Aliandika nota za kwaya na za vipande vya okestra tu, na sehemu za mugham akaziacha bila kuziandika. Zilipofika, okestra ilinyamaza, mwimbaji akaimba kwa kubuni akisindikizwa na tar, na mwongozaji akasubiri. Aliyeongoza usiku huo alikuwa mwandishi wa tamthilia, Abdurrahim bey Hagverdiyev, kwa kuwa waongozaji waliosomea kazi hiyo walikuwa bado hawajapatikana miongoni mwa Waazerbaijani. Suluhisho hilo lilifaa, lakini lilikuwa suluhisho la zamu: ama tar ipige peke yake, ama okestra.

Baada ya utawala wa Kisovieti kuingia mwaka 1920, jambo liligeuka kuwa la hatari zaidi. Walitokea watu waliodai kwamba tar ni mabaki ya zama zilizopita na haifai kwa jamii mpya, na mabishano hayo yalifika hadi kwenye ushairi, ambapo Mikayil Mushfig aliandika mwaka 1929 shairi mashuhuri la kuitetea ala hiyo. Hoja moja ya wapinzani wa tar ilikuwa na uzito, nayo ni kwamba ala isiyosomewa nota haiwezi kufundishwa shuleni kwa utaratibu, wala haiwezi kupiga katika kundi kubwa. Hajibeyov hakuijibu hoja hiyo kwa maneno peke yake. Mwaka 1931 aliunda, chini ya redio ya Baku, okestra ya ala za kienyeji ambayo wapigaji wake wangepiga kwa kusoma nota, kisha akaitungia fantasia mbili, ya kwanza katika sauti za Chahargah na ya pili katika sauti za Shur, ambazo zote mbili ni mugham. Ushahidi ulihitajika, na okestra hiyo ndiyo iliyokuwa ushahidi.

Ugumu wa kazi hiyo unaonekana mtu anapoitazama shingo ya tar. Vifundo vinavyofungwa shingoni ili kugawa sauti huigawa oktava katika hatua nyingi kuliko zile 12 za piano. Hesabu inayotajwa sana ni 17. Mpigaji wa mugham huzihitaji zile hatua za katikati, kwani ndizo zinazoutia muziki wake huzuni au utamu unaotakiwa. Lakini wapigaji 10 wakipiga pamoja, kila mmoja akiwa amefunga vifundo vyake kwa kufuata sikio lake, hawataafikiana. Hajibeyov alishikilia kwamba muziki wa Azerbaijan unaweza kuelezwa kwa hatua 12, na hoja hiyo aliifafanua kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1945. Wapo walioona kwamba hapo kitu fulani kilipotea, nami sidhani kwamba malalamiko yao ni ya bure. Hata hivyo, pasipo makubaliano hayo okestra isingekuwapo.

Baadaye likaja suala la ufunguo, yaani alama ya mwanzoni mwa mistari inayomwonyesha msomaji kila mstari ni sauti gani. Sauti za tar ziko chini mno kwa ufunguo wa violini na juu mno kwa ufunguo wa besi, hivyo ukachaguliwa ufunguo wa mezosoprano, ambao wanamuziki wengi wa Ulaya wameuacha kwa muda mrefu. Kwa ufunguo huo sauti nyingi za tar hukaa ndani ya mistari mitano, na mistari ya nyongeza huwa michache. Mtoto anayeanza tar nchini Azerbaijan leo husoma nota zake kwa ufunguo huo.

Hapa ndipo anapoingia Said Rustamov. Alikuwa amejifunza mjini Baku tar kwa Mansur Mansurov, mmoja wa mafundi wakubwa wa mapokeo ya kusikiliza, na nadharia ya muziki kwa Hajibeyov mwenyewe. Ni watu wachache walioijua nyumba zote mbili kama yeye. Mwaka 1935 alitoa kitabu cha kwanza cha kufundishia tar kwa nota, na mwaka huohuo akakabidhiwa uongozi wa ile okestra ya redio. Mambo hayo mawili hayakukutana kwa bahati. Mwongozaji wa okestra ya violini huwapokea wapigaji ambao shule za nchi nyingi zimekwisha kuwaandaa kwa vizazi vingi. Rustamov alilazimika kuwaandaa wapigaji wake kwanza ndipo awaongoze.

Kitabu cha namna hiyo hufundisha mambo ambayo fundi wa zamani hakuwa na haja ya kuyataja. Mizrab ishuke lini na ipande lini? Mpigaji aliye peke yake hufuata mkono wake tu, lakini katika kundi mpigo wa kushuka hutoa sauti nzito kuliko wa kupanda, na nusu ya watu wakishusha huku nusu wakipandisha, wimbo huchafuka ingawa kila mmoja anapiga sauti iliyo sahihi. Kidole gani kikae wapi, na uzi upi uachwe wazi? Mambo madogo ya aina hiyo, yakiandikwa na kufundishwa kwa namna moja, ndiyo yanayowafanya watu wengi wasikike kama mtu mmoja siku ya tamasha.

Rustamov aliifanya kazi hiyo pia kwa upande wa pili, yaani kuuhamisha kwenye karatasi muziki uliokuwa vichwani mwa wazee. Alisikiliza nyimbo za kienyeji kutoka kwa mwimbaji Jabbar Garyaghdioglu, aliyezaliwa mwaka 1861, na kuziandika nota. Mkusanyo wa nyimbo 50 ulichapishwa mwaka 1938. Garyaghdioglu alifariki mwaka 1944, hivyo muda uliokuwapo ulikuwa mfupi. Rustamov mwenyewe alitunga nyimbo nyingi ambazo bado zinaimbwa, lakini ukiniuliza, saa alizokaa akimsikiliza mzee yule na kalamu mkononi zina thamani isiyopungua ya nyimbo zake.

Matunda yalianza kuonekana upesi. Katika opera ya Hajibeyov juu ya shujaa Koroghlu, ya mwaka 1937, tar ilikaa ndani ya okestra ya simfonia, ikipiga pamoja na violini badala ya kusubiri zamu yake. Mwaka 1952 Haji Khanmammadov, mtunzi aliyekuwa mpiga tar, alitoa konseto, yaani utungo wa ala moja inayopiga mbele ya okestra, ya kwanza ya tar na okestra ya simfonia. Kutoka hoja kwamba tar haiandikiki hadi konseto hiyo, ilipita miaka 20 na ushei tu.

Rustamov aliiongoza okestra ya ala za kienyeji kwa takriban miaka 40, na leo okestra hiyo inaitwa kwa jina lake. Wapigaji wake husoma nota kama wapigaji wa okestra nyingine yoyote. Lakini katika maonyesho ya Leyli na Majnun, wakati wa mugham unapofika, bado hutokea lile lililotokea mwaka 1908: mwongozaji huushusha mkono, mpiga tar huacha kutazama karatasi na kumtazama mwimbaji, na okestra nzima hungoja mpaka wawili hao wafike pale wanapotaka kufika.