Mbilikimo kwenye gemu: sawa au tusi?

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri gemu za kufikirika, zile za madragoni na kurusha dadu mezani, na swali ninaloulizwa sana ni hili, hivi neno kama mbilikimo linaruhusiwa au mnatukana watu?

Mi naangalia neno limekaa wapi. Likitoka mdomoni mwa jambazi wa hadithi, atukane tu, ndo ubaya wake huo. Ila likiwa kwenye kitabu cha kanuni, pale mchezaji anapochagua yeye ni nani, hapo gemu yenyewe ndo inaongea na lawama ni zetu tulioandika.

Sasa mbilikimo. Kiswahili kimewaita hivyo Wambuti na Watwa miaka nenda rudi, na hao ni watu kabisa, wapo Kongo, Rwanda, Burundi, wapo Uganda ambako Watwa walitolewa msitu wa Bwindi ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Halafu we unaleta viumbe vyenye ndevu vinavyoishi chini ya milima na kulalia dhahabu, unavipa jina hilohilo! Kibete nayo hapana, kuna watu wanaitwa hivyo kila siku stendi. Nimewaita Wachimbamwamba, yameisha. (Wale wenye masikio marefu, Kiingereza wanaitwa "elf", nilianza na "elfu", mpaka mtu akasoma "elfu tatu walitoka msituni" akadhani ni jeshi.)

Wakubwa nao wamehangaika. Wizards of the Coast, kampuni ya gemu ya Marekani, mwaka 2020 walifungia kadi 7 za gemu yao ya kadi, Magic: The Gathering, kwa kuwa zilikuwa na ubaguzi, na kitabu cha wachezaji wa gemu yao nyingine ya mezani, Dungeons & Dragons cha 2024 kimeondoa neno "race", yaani mchezaji ni kiumbe wa aina gani, kikaweka "species". Kwetu spishi inanuka maabara, kabila ndo usiguse kabisa, basi nimeandika "asili".

Mshenzi ilinipa somo. Nilimpa jina hilo yule mpiganaji wa porini mwenye shoka, mwenzangu akasoma akaniambia, dada, hivi ndo waungwana wa pwani walivyowaita babu zangu wa bara. Kweli kabisa. Nikalitoa kwenye kanuni, nikamwekea mdomoni tajiri mmoja wa mjini kwenye hadithi, anayejisikia balaa, na pale linauma panapotakiwa, wachezaji wanamchukia kabla hata hajachomoa upanga.

Ila kilichonishinda hakikuwa neno. Tulikuwa tunajaribu gemu na vijana Mwanza, ikatoka kadi imeandikwa "ajuza mchawi, macho mekundu", kijana mmoja akaigeuza kifudifudi akasema taratibu, bibi yangu macho yake mekundu, ni moshi wa kuni. Meza nzima kimya. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho hayo, wakidhaniwa wachawi, na mi niliijua hiyo habari, nimeisoma magazetini miaka yote, bado kadi ikapita mkononi kwangu kwa sababu hamna neno hata moja pale ambalo lingekuwa kwenye orodha yoyote ya matusi. Ajuza sio tusi, nyekundu sio tusi, mchawi kila gemu anaye.

Mchawi tumembakiza. Sasa hivi ni kaka mtanashati, viatu vinang'aa, anakopesha watu hela kwa riba, macho yake meupe pee.