Je, wajua kwamba kitufe cha kuwashia kompyuta ya mezani hakiwashi kompyuta?

Unabonyeza kitufe, kimya. Unabonyeza tena, safari hii kwa nguvu, kana kwamba inakufanyia kiburi. Hakuna taa, hakuna feni. Wengi hukata shauri papo hapo: imeungua. Mara nyingi haijaungua. Ila huwezi kujua ina nini mpaka uelewe kwamba kitufe kile hakipitishi umeme unaoiendesha kompyuta. Kazi yake ni kuomba tu.

Zamani kilikuwa swichi ya kweli. Umeme wa ukutani ulipita humohumo, ukibonyeza unasikia "kta!". Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa ATX, mpangilio mpya wa sehemu za ndani za kompyuta, na mambo yakabadilika. Pawasaplai, lile boksi la chuma linalopokea waya wa umeme nyuma ya kompyuta, siku hizi hailali usingizi mzito. Maadamu imechomekwa, inapeleka volti 5 kwenye mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta, kwa waya wa zambarau, usiku na mchana. Ndiyo maana mazabodi nyingi zina taa ndogo inayowaka hata kompyuta ikiwa imezimwa.

Ukibonyeza kitufe, vipini viwili, yaani vijiti vidogo vya chuma kwenye mazabodi, vinaunganishwa kwa kitambo. Mazabodi inaelewa, inaushusha waya wa kijani hadi volti 0, na hapo pawasaplai inaamka. Inatoa volti 12, 5 na 3.3, inajikagua, kisha baada ya milisekunde 100 hadi 500 inatoa ishara kwa waya wa kijivu: umeme uko sawa. Bila ishara hiyo prosesa haianzi kazi.

Basi kompyuta isipowaka, ombi limekwama njiani. Fundi mzuri hulifuata ombi hilo hatua kwa hatua, akianzia ukutani. Chomeka taa kwenye soketi ileile. Iruke ekstensheni, chomeka moja kwa moja. Sukuma plagi ya nyuma mpaka ikae. Kisha tazama swichi ndogo ya pawasaplai: upande wa mstari ni kuwasha, upande wa duara ni kuzima. Niliwahi kufungua kompyuta nzima na kuchomoa kila kinachochomoka, kumbe swichi hiyo niliizima mwenyewe nilipokuwa nafuta vumbi.

Pengine umeshasikia ushauri wa kuchomoa waya, kushikilia kitufe kwa sekunde 30, kisha kuchomeka upya. Unafanana na uganga, lakini una sababu. Pawasaplai ikihisi shoti au umeme kuzidi, hujifunga ili isiunguze vitu, na nyingi hazijifungui mpaka zikose kabisa umeme wa ukutani. Hata ubonyeze mara mia, imeshafunga mlango. Kuchomoa waya kunaufungua, na kushikilia kitufe kunamalizia umeme uliobaki kwenye kapasita, vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme. Ikiwaka baada ya hapo, furahi kwa kiasi: kuna kitu kiliifanya ijifunge.

Dalili ya kutazama kwa makini ni feni kushtuka, kuzunguka nusu mzunguko, kisha kusimama. Mara nyingi hiyo ni shoti. Anza na vya nje: chomoa kila kilicho kwenye matundu ya USB, maana hata kipini kilichopinda ndani ya tundu kinatosha. Halafu zima, chomoa waya, toa kadi ya picha na diski, ukijaribu kuwasha baada ya kila hatua. Usisahau skrubu iliyodondoka na kujificha chini ya mazabodi. Hiyo imeshawatesa wengi.

Kama ni kimya kabisa, mshuku kitufe chenyewe. Chomoa kijiwaya chake kwenye mazabodi, kisha gusisha vipini viwili vilivyoandikwa PWR SW kwa ncha ya bisibisi, kwa sekunde moja. Volti ni ndogo, haikudhuru, ila usiguse vipini vya jirani. Ikiwaka, kitufe ndicho kibovu.

Isipowaka, ijaribu pawasaplai peke yake. Chomoa waya wa ukutani, tenganisha ile plagi kubwa ya matundu 24, unganisha tundu la waya wa kijani na lolote la waya mweusi kwa klipu ya karatasi, kisha rudisha umeme. Unaifanyia pawasaplai kilekile ambacho mazabodi hufanya. Waya zikiwa nyeusi zote, wa kijani ni namba 16. Feni ikizunguka, imeitika, ingawa baadhi zimeundwa zisizungushe feni kama hakuna mzigo. Boksi lenyewe usilifungue: kapasita za ndani zinaweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Feni zikiendelea kuzunguka huku skrini ikiwa nyeusi, hiyo ni kesi nyingine. Angalia kebo ya skrini, chomoa na urudishe kumbukumbu ya RAM, kisha hakikisha plagi ndogo ya umeme wa prosesa, yenye matundu 4 au 8, imechomekwa.

Mwenye kipima umeme ana njia fupi zaidi: pima waya wa zambarau kwa kulinganisha na mweusi, kompyuta ikiwa imechomekwa. Ukikuta 0 hata baada ya kuitenganisha na mazabodi, pawasaplai imekufa. Ukikuta 5, na kwa klipu inaitika, lakini kwa bisibisi haiitiki, anayekataa kupokea ombi ni mazabodi.