Bata mzinga si bata

Mfugaji mmoja alinipigia simu akasema bata bukini wake wanakufa, na kinyesi chao kimekuwa cha njano kama bizari. Nilishangaa, maana katika miaka yangu ya kutibu ndege wa kufugwa sijaona ndege mgumu kuugua kama bata bukini. Nilipofika nilikuta bata mzinga kumi na mmoja wamejikunyata, mabawa yakiburura, katika banda lililokuwa la kuku.

Kinachopotosha katika majina haya mawili ni lile neno la kwanza. Bata bukini ni wa ukoo wa bata kwelikweli: ana utando kati ya vidole, mdomo bapa, na hula majani siku nzima kama mbuzi. Bukini ni jina la zamani la Madagaska, na limetumika hapa kama Manga, yaani Uarabuni, lilivyotumika katika njiwa manga. Lakini asili ya ndege mwenyewe si kisiwa hicho, kwa kuwa wazazi wake wa mwituni ni wa Ulaya na Asia.

Bata mzinga ni jamaa ya kuku, kware na kanga, na walioanza kumfuga ni watu wa Meksiko. Vidole vyake havina utando, kichwa na shingo ni vipara, na juu ya mdomo wa dume huning'inia kinyama kinachorefuka anapojitunisha. Wanaomwita piru, neno tulilolipata kwa Wareno, wanaepuka utata wote huu, nami ningefurahi jina hilo lingerudi madukani.

Utata huo una gharama. Kuku hubeba kijidudu kiitwacho Histomonas meleagridis bila kuumwa sana, nacho hujificha ndani ya mayai ya minyoo yanayoweza kudumu udongoni kwa miaka. Kikimwingia bata mzinga, hushambulia utumbo na ini, na wengi hufa. Ndiyo maana sishauri kamwe afugwe pamoja na kuku, wala mahali walipokuwa kuku.

Nilimwuliza mfugaji nani alimwambia hao ni bata bukini. Alijibu kuwa ni aliyemwuzia vifaranga, ambaye pia alimsisitizia wasikose maji ya kuogelea. Dimbwi alilowachimbia lilikuwa pale kwenye kona, limejaa, na hapakuwa na alama hata moja ya mguu kwenye tope la ukingoni.